Disiki ya nyuma imegoma kutoka

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Subaru Forester ya 2009. Breki za nyuma zilianza kusaga chuma kwa chuma, nikanunua disiki mbili na pedi zake, nikasema nafunga mwenyewe hapa nyumbani Kigamboni. Tairi nimetoa, kalipa nimefungua, lakini disiki ya kushoto haitoki. Nimeigonga nyundo tangu saa tisa mpaka magharibi. Inasogea nje kidogo, kama unene wa sarafu, halafu inakwama. Jirani ananiambia niikate kwa grenda. Nifanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyundo weka chini, na grenda ibaki kwa jirani. Jibu umelitaja mwenyewe: disiki inasogea, halafu inakwama. Ingekuwa imeshikwa na kutu tu, isingesogea hata kidogo. Hapo kinachoishika ni hendibreki.

Gurudumu lako la nyuma lina breki mbili. Moja unaiona, ni ile kalipa, chuma kinachobana pedi zake kwenye disiki. Ya pili imejificha katikati ya disiki, pale palipotuna kama sufuria iliyofunikwa. Humo ndani mna breki shuu mbili ndogo. Ukivuta hendibreki zinatanuka na kung'ang'ania ukuta wa ndani. Gari likishatumika miaka mingi, shuu zinachimba ule ukuta, na mdomoni pa sufuria panabaki ukingo. Ukivuta disiki, ukingo unagota kwenye shuu. Kila nyundo unayopiga inaumiza vipini vyembamba vinavyozishika shuu hizo.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, Tanga, nilipiga disiki ya namna hiyo mpaka ikang'oka na shuu zake, springi zikaruka mchangani. Tulizitafuta kwa tochi mpaka usiku wa manane, mwenye gari amekaa juu ya ndoo anatusubiri. Moja haikuonekana, na gari lililala pale siku mbili.

Kwa hiyo anza hivi. Hakikisha hendibreki imeshushwa kabisa. Wengi huiacha juu kwa kuogopa gari lisitembee, na woga huo una maana, ila dawa yake ni kuziba magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, mbele na nyuma ya tairi. Gia kuwa kwenye P peke yake haitoshi. Gari lisisimame juu ya jeki. Liweke kwenye stendi, na kwa mchanga wa Kigamboni tanguliza ubao mpana na mnene chini ya stendi na chini ya jeki. Hili silisemi kwa kujaza ukurasa. Jeki huzama taratibu, na wewe mkono wako uko ndani.

Sasa nenda nyuma ya disiki, kwenye bati la kukinga vumbi. Chini utakuta kizibo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi bapa, utagusa kigurudumu chenye meno. Hicho ndicho kinachotanua na kukusanya shuu. Kizungushe jino moja moja huku unajaribu disiki kwa mkono. Ikizidi kukaza, geuza upande wa pili. Ikilegea, endelea kidogo tena.

Halafu tazama uso wa disiki: kuna matundu mawili yenye nyuzi. Watu huyapita kila siku bila kujua kazi yake. Tafuta bolti mbili zenye unene wa milimita 8 (M8), zifunge humo kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Zinasukuma disiki itoke sawasawa bila kupinda. Utasikia "tak!" moja, kutu imeachia. Basi, imetoka.

Vumbi la humo usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa chenye maji. Shuu zikiwa zimeisha, badilisha sasa hivi, maana kulifungua tena ni kazi ileile. Kisha chukua brashi ya waya, usugue habu, kile kitovu disiki inapokalia, mpaka chuma king'ae. Magari ya pwani yana chumvi, na gamba jembamba la kutu likibaki hapo, disiki mpya itakaa upande na pedali itatetemeka mguuni. Disiki mpya nayo huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa maji moto na sabuni, ikaushe.

Kalipa isining'inie kwa mpira wa breki. Ifunge kwa waya kwenye springi kubwa inayobeba gari. Upande wa kulia usiufungue mpaka wa kushoto umekamilika, uwe na pa kutazamia.

Mwisho kabisa, kaza kigurudumu cha meno mpaka disiki ianze kukwaruza, urudishe meno machache izunguke huru. Na kabla hujawasha gari, kanyaga breki mara kadhaa. Kanyago la kwanza litazama mpaka chini kwa sababu pistoni, zile zinazosukuma pedi ndani ya kalipa, umezirudisha ndani ili pedi mpya zienee. Lisipopanda likawa gumu, gari lisitoke uani.

SWALI: Fundi, nabadilisha pedi za nyuma za Volkswagen Golf ya 2006. Pistoni nimeibana kwa klampu, haiingii. Imekufa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Haijafa. Kwenye Golf hiyo kebo ya hendibreki inaingia kwenye kalipa yenyewe, na pistoni ina nyuzi ndani kama skrubu. Kuibana tu ni kuivunja. Inataka kusukumwa na kuzungushwa kwa pamoja, kufuata mzunguko wa mshale wa saa, na kuna kifaa chake cha kushika yale matundu ya usoni mwa pistoni. Azima kwa fundi wa jirani. Kwanza fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki na utazame kina, maana yatapanda, na yakimwagika kwenye rangi yanaibabua. Zungusha polepole, jicho liwe kwenye mpira wa kuzuia vumbi unaoizunguka pistoni. Ukiona unajisokota pamoja na pistoni, simama, urudi nyuma kidogo, uunyooshe kwa kidole kabla hujaendelea.