Kipindi cha kwanza cha programu mtaani: anza na mashine, mada baadaye

Ukiamua kuwakusanya watu wa mtaani uwaonjeshe kuandika programu, kitakachokujia kichwani haraka ni mada: historia ya kompyuta, lugha zilizopo, ajira, akili bandia. Yaweke pembeni yote. Mtu aliyefunga genge lake Jumamosi asubuhi hakuja kuambiwa kwamba Python, lugha ya kuandikia programu, ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Amekuja kuona kama na yeye anaweza. Kabla hajaondoka awe ameandika mistari michache kwa vidole vyake mwenyewe, imefanya kazi, na ameelewa kwa nini imefanya kazi. Kisichosaidia hapo, kikate.

Mahali si pagumu kupata. Chumba cha kompyuta cha sekondari ya kata wakati wa likizo ya Juni au Desemba kinatosha kabisa, maana meza na umeme vipo. Peleka barua kwa mkuu wa shule mapema, na mwenyekiti wa mtaa mpe taarifa wewe mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Kwenye tangazo sema wazi: ni bure, na posho hakuna. Watapungua, lakini watakaofika hawatakaa wanachungulia mlango kusubiri bahasha.

Sasa mashine. Hapa ndipo vipindi vingi hufia. Nenda siku moja kabla, washa kila kompyuta, usiridhike na mbili za mbele. Vyumba vya shule vina mashine nyingi za msaada ambazo bado zinatumia Windows 7, na Python kuanzia toleo la 3.9 haikubali kabisa kuingia humo; la mwisho kukubali ni 3.8. Jambo hilo ukiligundua saa tatu asubuhi watu wameshakaa, siku imeisha. Mimi hupenda Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa sababu inakuja na Python yake ndani: faili moja (kwa Windows 7 chagua lenye Python 3.8), bonyeza, tayari. Pakua kila kitu nyumbani, weka kwenye flashi mbili. Usitegemee intaneti ya ukumbini, wala bando lako kuwalisha watu ishirini. Chukua ekstensheni ndefu, na waambie wenye laptop waje wamechaji, kwa sababu umeme haukupi taarifa.

Watakuwepo wenye simu tu. Usiwarudishe. Pydroid 3 inaendesha Python kwenye Android bila shida, ila kibodi ya simu ina tabia ya kuanza na herufi kubwa. Mtu ataandika `Print` badala ya `print`, amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini, na Python itamjibu `NameError`, yaani jina hilo hailijui. Zima herufi kubwa za kujiweka zenyewe kabla ya mstari wa kwanza. Vilevile usiwagawie mifano uliyoiandika kwenye Word: Word hupinda alama za kunukuu, na Python haizikubali zilizopindwa. Mgeni atakodolea macho mstari unaofanana kabisa na wako asione kosa liko wapi.

Mfano wa kufundishia uchukue sokoni. Kwetu Mwanza, watu wanaouza dagaa Mwaloni wanajua hesabu kuliko wewe, kwa hiyo waanzie huko (`input` huuliza na kupokea jibu):

```
asubuhi = input("Mauzo ya asubuhi: ")
jioni = input("Mauzo ya jioni: ")
print(asubuhi + jioni)
```

Waache waendeshe hivyohivyo, makusudi. Anayeingiza 12000 na 8000 atapata 120008000. Subiri kicheko. Kuna atakayesoma kwa sauti: milioni mia na ishirini na elfu nane! Sasa uliza kilichotokea. Mara nyingi mtu wa nyuma, tena aliyekuwa kimya, ndiye anayesema kwamba kompyuta imeyabandika tu, haijajumlisha. Hapo ndipo unapoonyesha `int(input(...))`, inayogeuza maandishi kuwa namba, na jumla inatoka 20000. Wameelewa tofauti ya maandishi na namba bila wewe kutaja nadharia yoyote, na hawataisahau. Ukianza na fasili ya aina za data ubaoni, utawapoteza kabla ya chai.

Baada ya hapo ongeza `if` moja, yaani sharti: mauzo yakizidi kiasi fulani, ichapishe ujumbe. Inatosha. Mizunguko, yaani amri za kurudiarudia kazi, iache kwa siku nyingine, hata kama vijana wawili wa chuo waliokaa mbele wanakuhimiza uharakishe. Hao wape kazi ya kusaidia wenzao. Kila watu watano au sita wanahitaji msaidizi mmoja, na sharti lake ni moja tu: asishike kipanya wala kibodi ya mtu. Aelekeze kwa mdomo. Msaidizi mwepesi wa kumwandikia mwenzake anamaliza kosa na kuua somo.

Ongea Kiswahili tangu mwanzo, maneno ya Python yenyewe yabaki kama yalivyo. Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza na huwatisha watu, basi wazoeshe kuanza na mstari wa mwisho kabisa: hapo ndipo Python inapotaja aina ya kosa. Sehemu ya juu yake inaonyesha namba ya mstari. Wakijua kusoma viwili hivyo watajitegemea nusu ya safari.

Mtu atakuuliza baada ya muda gani atapata kazi. Mjibu kweli: kipindi cha saa tatu hakimpi mtu kazi, na kozi nyingi zinazoahidi hivyo zinauza ndoto. Kisha mwulize anafanya shughuli gani, mtafutie hesabu moja ndani yake ya kuandikia programu wiki hiyo. Tarehe ya kipindi cha pili itaje watu wakiwa bado wamekaa, na faili zao zihamishie kwenye flashi au simu zao kabla hujazima mashine, maana zile za shule mara nyingi hufutwa shule ikifunguliwa.