Maswali yenu: kukata koku kwenye dramu

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa wenzetu walioko rifaineri za Ghuba, na si ajabu, maana Changamwe iliacha kusafisha mafuta tangu 2013 na TIPER ya Dar siku hizi ni matangi tu. Kwa mgeni: koku ni makaa magumu yanayobaki kwenye dramu, yaani tangi refu, mafuta mazito yakishapikwa; tunayapoza kwa maji, tunatoboa shimo katikati, kisha tunayakata kwa jeti ya maji inayotoka kwenye nozeli za tuli, kifaa kilicho mwishoni mwa stemu (bomba la kutobolea). Twende.

Kaka, drili imenasa katikati wakati tunatoboa shimo la kwanza, supavaiza anasema tuvute na winchi mpaka itoke. Sawa hiyo?

Si sawa, mwambie apoe kwanza. Mara nyingi koku imemomonyoka juu ya tuli kwa sababu mlishuka haraka kuliko maji yanavyoweza kusomba vipande. Usifunge maji, ukifunga tu vile vipande vinatulia na kuibana zaidi. Acha presha iendelee, zungusha ikikubali, panda kidogo shuka kidogo, ukiangalia mzigo kwenye waya. Na ukiona waya umelegea acha kushusha hapohapo, hiyo maana yake stemu imekalia koku na koku ikiachia stemu inadondoka. Siku nyingine shuka kidogo, rudi juu usafishe shimo, ndio uendelee.

Tukikata mvuke unaruka juu na maji ya moto, halafu chati inaonyesha dramu imepoa. Shida nini?

Hili ndilo la kuogopa kuliko yote. Mafuta yanaingia kwenye dramu na joto la karibu nyuzi 480 hivi na kugeuka koku humo, na maji ya kupozea yanapita njia rahisi, wanaita chaneli, kwa hiyo pembeni kunabaki donge la moto halijaguswa na maji na vipimajoto vya ukutani havilioni. Jeti ikilifikia, linalipuka mvuke. Angalia maji mliyoingiza yamefika kiasi cha kawaida? Yalitoka vizuri mlipodreini, au yalisuasua? Kama hesabu hazieleweki, usifungue dramu. Marekani, Anacortes, Novemba 1998, umeme ulikatika kwa dhoruba, dramu haikupoa inavyotakiwa, wakaifungua, watu 6 wakafa. Na mkiwa mnakata, mtu asisimame juu kuchungulia, kazi yote ifanyike kwenye kibanda cha kuendeshea.

Zamani tulikata kwa muda mfupi, sasa tunakesha. Pampu mpya lakini!

Achana na pampu bwana, soma geji mbili kwa pamoja. Presha imeshuka na maji yameongezeka, nozeli zimelika, au valvu ya baipasi inavujisha. Presha imepanda na maji yamepungua, kuna nozeli imeziba, na ikiziba moja tuli inatikisika kwa sababu jeti za pande mbili hazilingani tena. Halafu nenda kaangalie bwawa la maji, mimi huwa naanzia huko. Kama unga wa koku hautulii, mnarudisha msasa kwenye nozeli kila shifti, mtabadilisha nozeli mpaka mchoke.

Tuli inakataa kuhama kutoka kutoboa kwenda kukata.

Kama ni ile tuli ya kubadilika yenyewe kwa presha, shusha presha kweli kweli kisha uipandishe tena, wengi hawashushi ya kutosha. Ikigoma bado, kuna uchafu ndani, itoe ikafunguliwe. Ila intaloku, ile kinga inayozuia jeti isifunguke nje ya dramu, msiizime eti mnawahi kazi, jeti ya bar 200 na zaidi ikitoka nje ya dramu inakata mtu.

Koku yetu imekuwa vidonge vya mviringo kama gololi, inaporomoka yenyewe na inaziba huko chini. Sisi wakataji tufanyeje?

Kwa jeti hamna la maana mtakalofanya zaidi ya kwenda polepole na kukaa mbali na chuti, ile njia ya kumwagia koku chini ya dramu. Hizo gololi zinatokana na mafuta mazito yenye asfaltini nyingi (ile sehemu nzito kabisa ya mafuta), joto la tanuru likiwa juu na presha ya dramu ikiwa chini. Watu wa prosesi wanaweza kupandisha presha, kuongeza risaiko (mafuta yanayorudishwa kupikwa tena) au kuchanganya slari oili (mafuta mazito kutoka mtambo mwingine), lakini hapo mafuta ya kuuza yanapungua kwa hiyo watawazungusha. Pelekeni rekodi ya saa mlizopoteza kukata kila dramu, hiyo wanaisoma.