Karakana mchana, madaftari usiku

SWALI: Shikamoo shangazi. Niliacha shule kidato cha tatu, sasa najifunza kuchomelea vyuma karakana moja Buguruni. Natamani cheti cha kidato cha nne. Niache ufundi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache! Kama ulifaulu mtihani wa kidato cha pili, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama hukufaulu, anza na QT, yaani mtihani wa maarifa unaokupa sifa ya kufanya ule wa kidato cha nne. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba, kwa hiyo mwombe fundi wako ruhusa mapema, ana kwa ana. Mimi nilishona sare mchana kutwa, nikasoma usiku. Hesabu ilinitesa sana, itafutie mwalimu. Na huo ufundi wako, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huupima na kuutolea cheti hata kama umejifunzia kazini.