Ukikuta kigae Uvinza, kiache hapohapo

Likizo yangu ya kwanza nikitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilirudi Kigoma kichwa kimenivimba. Nilikuwa nimesikiliza mihadhara michache ya akiolojia, elimu ya mabaki ya kale, basi kila jiwe naliona ushahidi. Nikashuka Uvinza kumsalimia mama mkubwa, na siku ya tatu nikabeba mfuko wa rambo hadi kwenye chemchemi za chumvi, kule Mto Ruchugi unakokaribia kuingia Malagarasi. Vigae vya vyungu vimejaa, unavikanyaga tu. Nikachagua vinane vyenye nakshi.

Mama mkubwa alivitazama. "Mwanangu, magae ya nini haya? Huko Dar hakuna vyungu?"

Nikacheka. Mfuko ukasafiri na treni chini ya siti yangu, naulinda kuliko begi.

Mhadhiri alichukua kimoja, akakisugua ukingo kwa kidole gumba, akauliza, "Kilikuwa tabaka la ngapi la udongo?" Kimya. "Umbali gani kutoka chemchemi? Palikuwa na majivu karibu? Makaa? Mafiga?" Kimya. Akanirudishia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Basi hiki ni kipande cha chungu."

Baadaye ndipo nikajua kwamba mwaka 1967 watafiti Sutton na Roberts walichimba hapohapo Uvinza, na utafiti wao ukaonyesha kuwa watu walipika chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Vigae vyao havikuwa vizuri kuliko vyangu, huenda vyangu vilipendeza zaidi! Ila wao walijua kila kimoja kilikaa juu ya nini na chini ya nini, na makaa yaliyolala navyo ndiyo yanayopimwa umri. Mimi niling'oa neno kwenye ukurasa halafu nikaupoteza ukurasa.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kusoma historia au akiolojia, ukitembelea kwenu acha mfuko nyumbani. Piga picha kigae kikiwa palepale kilipolala, weka kalamu kando ili ukubwa uonekane, chukua alama ya mahali kwenye ramani ya simu, andika siku hiyohiyo. Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali, na inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Na nani ataangalia kigae kwa macho aseme hiki ni cha 1862 na hiki cha juzi?

Halafu uliza wenyeji. Hapa ndipo nilipochelewa zaidi. Chuo chetu kilianza 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, na akiolojia ikapata kitengo chake mwaka 1985 tu. Chumvi ya Uvinza ilipikwa karne nyingi kabla ya hapo, na masimulizi yake yamekaa vibarazani. Likizo iliyofuata sikuanza na maswali. Nilikaa na mama mkubwa tukachambua maharage, karibu sinia zima, ndipo nikamwuliza bibi yake alimsimulia nini. Akasema watu walikuja kiangazi, kutoka mbali, wakajenga vibanda, wakapika maji ya chumvi usiku na mchana. Masika mito ikifurika, chemchemi zinamezwa, kila mtu anaondoka. Mwakani wanarudi wanaanza upya. Nikaacha maharage. Watu wanaorudi kila mwaka mahali palepale wanaacha majivu juu ya majivu. Matabaka niliyoulizwa ofisini Mlimani, mama mkubwa alikuwa anayajua kwa njia yake, na nilikuwa nimelala kwake siku tatu bila kumwuliza lolote.

Vile vigae nilikuwa nimevirudisha. Nilizunguka chemchemi asubuhi nzima natafuta nilipoviokota, nikashindwa. Mama mkubwa akavimwaga uani. Kile kikubwa, chenye nakshi za mistari, kuku wake wanakinywea maji mpaka leo.