Evil sio "uovu" kila mahali: mnaoanza kutafsiri someni hapa kabla hamjaharibu kazi ya mtu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kutafsiri na ukalimani, leo naomba tuongelee neno moja tu la Kiingereza, evil, maana nimepitia kazi nyingi za watu wapya na karibu kila mtu akikutana nalo anabandika "uovu" anasonga mbele, hata harudi kuangalia sentensi imekaaje. Ni neno fupi, linaonekana jepesi, ndo maana linawapiga.

Kabla hujafungua kamusi angalia maandishi yenyewe yameandikwa lini. Kwa hili neno mwaka ndo kila kitu. Kwenye Kiingereza cha zamani, kile cha miaka elfu na zaidi iliyopita, liliandikwa yfel, na ndugu zake wapo mpaka leo, Wajerumani wana Übel na Waholanzi wana euvel. Enzi hizo lilikuwa ndo neno la kawaida kabisa la kusema kitu ni kibaya, ubaya wa aina yoyote ile, ugonjwa, hasara, mkosi, tunda lisilolika, mtu mkatili, vyote humo humo. Hii bad mnayoijua nyie imeanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1200 hivi na ikachukua karne kadhaa kumsukuma mwenzie, mpaka kuelekea 1700 bado evil ndo ilikuwa inasimama upande wa pili wa good. Baadaye bad ikabeba mabaya ya kila siku, na evil ikaachiwa yale mazito tu, ukatili, dhambi, ushetani. Kwa hiyo evil ya mwaka 1611 na evil ya kwenye gazeti la jana usizichukulie kama kitu kimoja eti kwa sababu herufi ni zile zile.

Huo 1611 nimeutaja makusudi, ni mwaka ilipotoka Biblia ya King James, na wengi wenu kazi ya kwanza ya kulipwa itakuwa kusimama pembeni ya mhubiri mgeni anayenukuu hiyo Biblia kwa kichwa. Sasa chukua Isaya 45:7. Kwa Kiingereza cha King James Mungu anasema anafanya peace na anaumba evil. Mtu aliyezoea Kiingereza cha sinema anashtuka, yani Mungu ameumba uovu? Fungua Biblia yetu ya Union Version uone wazee walivyocheza hapo: "mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya". Hawakuandika uovu. Kwenye Kiebrania neno ni ra, ambalo linabeba dhambi lakini pia linabeba janga na maafa, na hapo limewekwa likitazamana na amani, halijawekwa likitazamana na utakatifu, kwa hiyo kinachoongelewa ni mabalaa. Biblia nyingi za Kiingereza za siku hizi zimeshaiondoa evil kwenye mstari huo zikaweka maneno ya maafa. Huo ujanja uchukue uende nao popote: tafuta neno linalotazamana na evil kwenye sentensi. Likiwa amani au heri, una janga au balaa mkononi. Likiwa haki au wema, hapo ndo unaruhusiwa kuwaza uovu.

Mathayo 6:34 nayo ni hivyo hivyo, King James wameweka evil, sisi tuna "yatosha kwa siku maovu yake", na anayeongelewa pale ni mtu mwenye wasiwasi wa kesho atakula nini atavaa nini, hakuna mhalifu hata mmoja. Mimi naona "shida zake" ingekaa vizuri zaidi, ila ukiwa kanisani usije ukaanza kusahihisha Biblia mbele ya waumini, sema mstari kama wanavyoujua. Na Sala ya Bwana vile vile. Wakatoliki wanamalizia "utuopoe maovuni", wenye Union Version wanasema "utuokoe na yule mwovu", na wote wana hoja kwa sababu Kigiriki chenyewe pale kinasomeka kote kote, jambo ovu au mtu mwovu. Uliza mapema uko kwa nani. Kinachoudhi ni mkalimani anayetunga toleo la tatu hapo hapo jukwaani.

Ukitoka kanisani utakutana na maandishi ya historia na ya hospitali, na humo kuna mtego ninaoupenda sana, king's evil. Nimeona mtu kaandika "uovu wa mfalme", aya nzima ikageuka siasa! Huo ni ugonjwa. Ni kifua kikuu cha tezi za shingo, shingo inavimba na kutoa vidonda, na Waingereza na Wafaransa kwa karne nyingi waliamini mfalme akikugusa unapona. Charles II wa Uingereza aligusa watu makumi ya maelfu kwenye utawala wake, ilikuwa ibada kamili na mgonjwa anavishwa sarafu ya dhahabu shingoni. Samuel Johnson, huyo huyo aliyekuja kutoa kamusi maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alipelekwa London mwaka 1712 akiwa hajafika hata miaka mitatu akaguswa na Malkia Anne. Hakupona, makovu alikaa nayo maisha yake yote. Alipoingia George I mwaka 1714 mambo ya kugusana yakaisha pale Uingereza. Kwa hiyo evil hapo ni ile ya zamani yenye maana ya maradhi, na Kiswahili chake ni "ugonjwa wa mfalme", halafu unaeleza ni ugonjwa gani.

Sasa upande wetu. Kuna watu wanadhani Kiswahili kina uovu na ubaya basi, wanasahau shari. Shari ndo inayokaa vizuri pale evil inapokuwa madhara au balaa la kuchagua. Mtu akisema the lesser of two evils usihangaike na "uovu mdogo kati ya maovu mawili", wahenga walishakumalizia: bora nusu shari kuliko shari kamili. Thomas Paine, mwandishi wa siasa, mwaka 1776 aliiita serikali necessary evil, kwamba hata ikiwa nzuri kiasi gani ni shari isiyoepukika, na ukimwandikia "uovu wa lazima" unamfanya aonekane anasema serikali zote ni za kishetani wakati hoja yake ni kwamba ni mzigo tunaoubeba kwa kukosa namna. Lakini Reagan, rais wa Marekani, alipoiita Urusi ya Kisovieti evil empire mwaka 1983, alikuwa anahutubia wachungaji na wainjilisti kule Florida na akaliweka kwenye mambo ya dhambi kabisa, hapo uovu weka bila wasiwasi. Evil eye nayo ni kijicho au husuda, msiniletee "jicho ovu" tafadhali. Evil spirit inategemea, Union Version kwa habari za Sauli imesema "roho mbaya" ilimsumbua, ila mtaani ukisema fulani ana roho mbaya watu wanaelewa ni mchoyo au hapendi wenzake wafanikiwe, kwa hiyo kwenye filamu ya kutisha "pepo mchafu" au "pepo mbaya" ni salama zaidi.

Halafu asili za uongo, hizi zitawasumbua hasa wakalimani wa jukwaani. Wahubiri wanapenda kusema evil ni live iliyogeuzwa, au devil ni evil imeongezewa d, au neno lilitoka kwa Eve yani Hawa. Hakuna hata moja yenye ukweli. Devil imetoka kwenye Kigiriki diabolos ikapitia Kilatini, haina undugu wowote na yfel. Hata ill haina undugu na evil japo zinafanana maana, hiyo waliileta watu wa Skandinavia. Kwa evil yenyewe wataalamu wengi wanairudisha kwenye mzizi mmoja na up na over, yani kilichozidi, kilichopita mpaka. Sisi ovu yetu tumeitoa kwenye kuoza, mtu mwovu na embe bovu ni ukoo mmoja. Ila sasa mhubiri ameshasema live ni evil kinyumenyume na watu elfu wanakusubiri wewe, ufanyeje? Sio kazi yako kumkosoa. Sema "kwa Kiingereza neno la uovu ukilisoma kinyumenyume unapata neno la kuishi", haraka, kisha mpokee sentensi inayofuata. Watu hawatacheka kama walivyocheka kule kwao na wala sio kosa lako.

Na mkiwa bado na nguvu mmuangalie jirani yake, wicked. Huyo anahusishwa na maneno ya kale ya uchawi, na anatamkwa silabi mbili, wik-id, msimtamke kama kitenzi cha wakati uliopita kinachoishia na -ed. Boston kule Marekani na maeneo yale watu wanamtumia kama "sana", wicked good ni kama sisi tunavyosema nzuri vibaya mno. Na kwenye ripoti za mashirika, hizi za mipango miji na tabianchi, mtakutana na wicked problem, msemo uliosambaa baada ya makala ya mwaka 1973 ya Rittel na Webber, wataalamu wa mipango, wakimaanisha tatizo ambalo hata kulieleza tu watu hawakubaliani na halina mahali utasema tumemaliza. "Tatizo ovu" hapana. "Tatizo sugu" inakaribia lakini sugu inaongelea kudumu tu, mimi huwa naandika "tatizo lisilo na jibu moja" mara ya kwanza kwenye ripoti na namuandikia mteja pembeni kwa nini, wengi wanakubali, na asiyekubali anakuwa na neno lake la ofisini, basi unatumia hilo mpaka mwisho wa faili.