Skrini nyeusi baada ya kuweka draiva ya NVIDIA
Mkuu pole, laptop kuwaka skrini nyeusi baada ya kuweka draiva ya NVIDIA uliyoishusha mwenyewe ni kawaida sana, hapo inagombana na nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA inayokuja na Ubuntu. Usipige Ubuntu upya! Kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) bonyeza e, mwisho wa ule mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset halafu bonyeza F10 iwake. Ikiwaka, kwenye terminal toa hiyo draiva uliyoiweka kwa faili la .run kwa sudo nvidia-uninstall, kisha piga sudo ubuntu-drivers install, yenyewe inachagua toleo linaloendana na mashine yako na kuizima nouveau. Sasa wengi wanakwama hapa, kama Secure Boot (ulinzi unaokataa draiva zisizosainiwa) imewashwa itakuomba utunge paswedi, ikariri, maana ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kuusajili ufunguo uliosaini draiva) uiandike hiyo paswedi, ukiiruka hiyo skrini draiva haipandi ng'o. Ikigoma nitupie majibu ya lsmod | grep nouveau, tuone kama nouveau bado imepanda.