Stoki zero, na kamio iko Kasumbalesa

Jasti-in-taimu ni kusema stoki zero, ama?

Hapana, na hii munaniulizaka kila mwezi. Ni kuleta kile kinaombwa, saa kinaombwa, kiasi kinaombwa. Hata Toyota, wenye kuanzisha hii njia, iko na stoki kidogo kando ya mashine.

Kanban ni programu gani, naipata wapi ya bure?

Kanban ni kadi ya kuongoza hiyo jasti-in-taimu, papa. Karatoni na kalamu vinatosha. Sanduku ikiisha kadi inarudi kule wanatengeneza, wanajaza ingine. Kadi haijarudi, hakuna kutengeneza.

Niko na bulanjeri Katuba. Mwanangu alisoma menejimenti, anasema niache kuweka magunia ya unga, eti feza inalala.

Mama, muulize kwanza furniseri wako, mwenye kukuuzia unga, anakaa wapi. Taiichi Ohno alijenga hii mambo Toyota kisha vita, feza ilikuwa kidogo, na wengi wa kumuletea vyuma walikuwa karibu na uzine (kiwanda), kamio inaweza kuja mara nyingi kwa siku moja. Sasa kama unga yako na hamira vinapita mpaka, kumbuka Agosti 2024 vile Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo pale Kasumbalesa siku chache, sababu ya ugomvi wa bia na vinywaji baridi, ungekanda nini, kadi? Unga weka ya kutosha, na magunia yakae juu ya mbao, yasiguse chini. Pa kubana ni mukate wenyewe: choma kufuata vile wateja wanachukua, maana ninaonaka bulanjeri zinachoma usiku mzima alafu kesho yake mikate migumu inauzwa bei ya kutupa, na hapo ndipo feza inapotea kweli, huyo mwanako hata hajahesabu.

Toyota yenyewe haikupataka shida?

Ilipata. 1 Februari 1997 uzine ya Aisin kule Kariya iliungua, kakosekana kachuma kadogo ka breki tu, karibu uzine zote za Toyota za Japani zikasimama siku kadhaa. Na kisha tetemeko la 2011 wakabadilisha: wenye kuwauzia chipu, vile vyuma vidogo vya elektroniki vya ndani ya motokari, wachunge stoki ya miezi 2 mpaka 6. Mwanzo wa 2021 chipu zikakosekana dunia nzima, wenye kutengeneza motokari wengine wakalia mbele ya Toyota. Kumbe wenye kuanzisha wanaweka stoki, ni sisi wa kuiga ndio tunakataa.

Mimi furniseri anachunga bidhaa zangu kwake, ninamulipa kisha miezi 3. Si ndiyo jasti-in-taimu?

Hiyo ni deni. Akipata mteja wa kulipa kashi, wewe utangoja hata karatasi ya kufungia.